Hadithi tatu za Maupassant, filamu moja, Nairobi: msimulizi tumpeleke wapi?

MtaaWaPili

Salaam wadau. Tunaandaa filamu ya dakika 90 hivi itakayobeba hadithi tatu za Guy de Maupassant, zote za wanawake waliopenda, kwa Kiswahili na katika mazingira ya Nairobi. Kila hadithi ina mwelekezi wake; mpiga kamera, fundi wa sauti na mhariri ni walewale. Zilizo mezani ni La Rempailleuse, yule mkarabati wa viti aliyempenda mwenye duka la dawa tangu utotoni hadi kufa. Les Bijoux, mke wa karani na vito vyake vinavyosemekana ni bandia. Na Clochette, mshonaji mwenye mguu mbovu. Kuna mwenzetu anasukuma La Femme de Paul iingie badala ya mojawapo.

Tulipokwama ni hapa: skripti ya La Rempailleuse ina kurasa 14, na karibu nusu yake ni sauti ya msimulizi. Tukiifuta, kinachobaki hakishikani. Tukiiacha, mtazamaji atasema si heri angesoma kitabu. Tungependa pia kujua haki za hadithi hizi zikoje hapa Kenya, tuzipange kwa mfuatano gani, na nini huharibika mara nyingi kwenye filamu za namna hii. Kamera ni moja na bajeti ni ya kubana.

BiSkripti

Tatizo halikuanzia kwenye skripti yenu, mmelirithi. Maupassant aliandikia magazeti kama Gil Blas na Le Gaulois, na umbo alilolizoea ni hili: watu wameshiba, mwanamume mmoja anaanza kusimulia habari za mwanamke ambaye ama ameshakufa ama ameshazeeka. La Rempailleuse inaanzia kwenye karamu ya wawindaji nyumbani kwa kabaila mmoja, marquis de Bertrans, na anayesimulia ni daktari. Siri ya Clochette vilevile inatoka kinywani mwa daktari, marehemu akiwa bado hajazikwa. Les Bijoux haina karamu wala daktari, lakini mke anakufa kwa kichomi mapema, na yaliyobaki yote tunayaona kwa macho ya mumewe. Kwa hiyo ukifuta sauti unagundua kwamba mwenye mapenzi yake hakuwahi kupewa hata onyesho moja la peke yake. Hilo ndilo la kutengeneza, na halitengenezwi kwa kupunguza maneno ya msimulizi.

Mwelekezi Max Ophüls alipotengeneza filamu ya Le Plaisir (1952), nayo ni hadithi tatu za Maupassant, sauti aliiacha, ila akaifanya ya mwandishi mwenyewe, ikisemwa na Jean Servais. Inakubalika kwa sababu ni sauti moja iliyoshika sehemu zote tatu, na inaposema kamera huwa ina shughuli yake nyingine. Tazameni La Maison Tellier: kamera haiingii ndani ya ile nyumba, inazunguka nje na kuchungulia madirishani. Usimulizi umehamia kwenye kamera. Ninyi mna waelekezi watatu na kamera moja, basi kubalianeni kabla ya siku ya kwanza: kamera iko upande wa nani? Ningesema iko upande wa mwanamke, na haijui zaidi ya anayoyajua yeye. Mwelekezi mmoja akikiuka hilo, filamu inakuwa tatu.

Sasa La Rempailleuse. Ichukueni kama daftari la malipo, maana kila wanapokutana kuna pesa inayobadilisha mkono. Mara ya kwanza mvulana Chouquet, ndiye mwenye duka la dawa wa baadaye, analia nyuma ya makaburi kwa sababu ameibiwa visenti vyake. Msichana anampa sou saba (sarafu ndogo za Kifaransa), akiba yake yote, na mvulana anakubali kubusiwa huku macho yako kwenye pesa. Anaendelea kumwekea akiba na kumpa kila anapopita. Mvulana anapelekwa shule ya bweni, akirudi anajifanya hamjui. Anaoa. Mwanamke anajitupa majini, mlevi anamwopoa na kumpeleka palepale kwenye duka la dawa. Chouquet anashuka na gauni la kulalia, anamtibu, anamwambia asiwe mjinga, na anakataa malipo. Hiyo ndiyo mara pekee anapoikataa pesa yake. Baada ya hapo anakuwa mteja wake, ananunua dawa ili tu amwone. Mwisho, faranga 2,327: 27 kwa padri kwa ajili ya mazishi, 2,300 kwa Chouquet. Malipo hayo sita au saba ndiyo maonyesho yenu. Hakuna hata moja linalohitaji msimulizi, na nusu yake halihitaji hata maneno.

Kwa Nairobi msimfanye muuza mboga. Lazima kazi yake iwe ya kuhama mtaa hadi mtaa, na iwe ya kudharauliwa. Fundi anayepita na mkokoteni akishona viti vya plastiki na mabeseni yaliyopasuka anafaa kabisa. Kazi yenyewe ni nzuri kwa kamera: msumari unapashwa moto kwenye jiko la makaa, unatoboa matundu pande zote mbili za ufa, waya mwembamba unapitishwa na kukazwa kwa koleo, kisha plastiki inayeyushwa juu yake ili maji yasipite. Mwigizaji ajifunze kuifanya kweli, kwa sababu shoti ya mikono ndiyo itakayobeba zile dakika ambazo zamani zilibebwa na sauti. Mikono ya mtu mwingine haitakubaliana na mabega yake.

Angalieni pesa, na hapa filamu nyingi za miaka mingi huumbuka. Sarafu zenye wanyama (twiga, kifaru, simba, ndovu) zilitoka Desemba 2018. Mtoto wa miaka ya 1980 hawezi kuishika. Na M-Pesa ilianza 2007, kwa hiyo kuanzia hapo mtazamaji atauliza mbona hakumtumia tu kwa simu. Jibuni ndani ya hadithi: anataka kuuona mkono unaopokea. Anunue Panadol vidonge viwili viwili, kila wiki, na baada ya kifo chake mkokoteni ukutwe na pakiti ambazo hazijafunguliwa.

Kuna mtego mtamu nawaomba muupite. Noti za zamani za 1,000 ziliacha kutumika tarehe 1 Oktoba 2019, na mtu atapendekeza kwamba kemisti arithi kibunda cha noti zilizokufa. Hapana. Katika hadithi Chouquet anafaidika: ananunua hatifungani za reli, na anarudi kuomba gari la marehemu alifanye kibanda cha bustani yake. Mkimwadhibu, mtazamaji anatoka amefarijika, na uchungu wote wa mwanamke unakuwa kisasi kilichokamilika.

Les Bijoux: ukikaa upande wa mke, mshangao wa mwisho unakufa, maana tutamwona akipokea vito vya kweli. Ufe tu. Msomaji wa 1883 alishangaa, wa leo atabashiri kabla ya dakika ya tano. Badala yake tumieni dakika 12 za kwanza kumjenga yeye: mume anayeishi kwa mshahara, nyumba inayotunzwa vizuri kuliko mshahara unavyoruhusu, na mapenzi ambayo si ya uongo. Maupassant hasemi popote kwamba hampendi mumewe, na mkiamua kwamba alikuwa akimlaghai tu, mmebaki na kichekesho. Akishafariki, kamera isihamie kwa mume. Ibaki na vito. Ifuate mkufu mfukoni, kwenye kaunta, kwenye mizani.

Onyesho la sonara ndilo moyo wake. Kwenye kitabu anayeutambua mkufu ni sonara wa pili: anafungua daftari na kusoma kwamba ulipelekwa kwa Madame Lantin, 16 rue des Martyrs, yaani nyumbani kwa mteja aliye mbele yake, kisha anatoa faranga 18,000. Kwenu iwe duka la dhahabu Eastleigh. Sonara anausugua mkufu kwenye jiwe jeusi, anadondosha tone la asidi juu ya mchirizi, anasubiri. Mchirizi ukibaki ni dhahabu, ukifutika si dhahabu. Mume anasubiri ufutike. Hiyo sekunde kumi msiikate.

La Femme de Paul acheni. Inahitaji mto, mashua, ukumbi wa dansi na umati. Hata Ophüls aliikusudia iwe sehemu ya tatu akaiacha kwa ajili ya pesa, akaweka Le Modèle.

Hakimiliki_254

Kuhusu haki. Maupassant alifariki 1893. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Ufaransa ni 70. Kwa hesabu yoyote yuko huru.

Kinachowanasa watu ni tafsiri. Tafsiri ni kazi inayojitegemea na ina ulinzi wake. Kama mwandishi wenu alisoma toleo la Kiingereza la karne hii na mazungumzo yakaingia kwenye skripti kama yalivyo, mna deni kwa mfasiri au mchapishaji. Anzeni na Kifaransa chenyewe, na mtu anayekijua aandike muhtasari wa kila hadithi kwa Kiswahili, onyesho kwa onyesho, nao utiwe tarehe na sahihi. Filamu za zamani nazo ni hivyo hivyo: hadithi ni huru, lakini mazungumzo au tukio lililobuniwa na mwandishi wa filamu si lenu. BiSkripti amewapa mfano wa kamera ya Ophüls. Jifunzeni namna, msinakili onyesho.

Mkitaka kuongeza mwandishi mwanamke, Colette wa Ufaransa alifariki 1954. Kenya muda wake uliisha mwisho wa 2004, Ufaransa mwisho wa 2024. Marekani wanahesabu kazi za zamani kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo hadithi yake ya miaka ya 1940 bado imefungwa huko, na msambazaji wa kimataifa atauliza swali hilo kabla ya kuuliza lingine lolote.

Skripti yenu mpya sajilini KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kwa kuwa waelekezi ni watatu, andikeni mkataba mmoja unaosema kila mmoja anakabidhi haki za sehemu yake kwa mtayarishaji, na kwamba hakuna anayeweza kuiondoa yake au kuitoa peke yake kama filamu fupi bila idhini ya maandishi. Filamu za mkusanyiko hufia hapo: sehemu moja inapata tamasha, mwenyewe anaichomoa, na mbili zilizobaki hazifiki saa moja.

Leseni ya kupiga filamu hutolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na filamu haiwezi kuonyeshwa hadharani bila KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu, kuipangia kiwango cha umri: GE (watu wote), PG (mwongozo wa mzazi), 16 au 18. Filamu yote hupewa kiwango kimoja. Sehemu ya dakika 18 yenye onyesho zito inazipandisha zile mbili nyingine pamoja nayo, na hesabu ya shule na vyuo mlivyotaka kuvionyesha inabadilika. Hii ni sababu nyingine ya kutafakari La Femme de Paul, ambayo mwanamke anamwacha Paul kwa ajili ya mwanamke mwenzake. Filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Mahakama Kuu iliifungulia siku saba tu Septemba mwaka huo. Mkiichagua, chagueni mkijua. Barabarani na sokoni mtahitaji pia ruhusa ya kaunti, na droni ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

sauti_na_taa

Nitaongelea vyombo tu. Umeme wetu ni hetzi 50. Pigeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Mkitaka 24, shata ibaki 1/50 hivyo hivyo. Kwenye 1/48 au 1/60 taa za maduka zitapepesa na hamtaona kwenye skrini ndogo ya kamera. Mtaona kwa mhariri, mkiwa mmesharudisha duka kwa mwenyewe. Duka la dawa na la sonara ndiyo yenye hatari zaidi kwa sababu ya taa za bei nafuu ndani ya kabati za vioo. Jaribuni siku moja kabla: rekodi sekunde 30, mzungushe kamera taratibu, mtazame kwenye skrini kubwa.

Jua la Nairobi saa sita mchana liko karibu utosini. Macho ya waigizaji yanakuwa mashimo meusi, na ngozi nyeusi inapoteza umbo kwenye mashavu. Kati ya saa tano na saa nane pigeni maonyesho ya ndani au ya barazani, na tandazeni shuka jeupe chini ya fremu lirudishe mwanga usoni. Ile rangi ya jioni haikai hapa kama inavyokaa Ulaya wakati wa kiangazi. Hesabuni dakika 25 za kufanya kazi, yaani shoti mbili, tatu mkiwa mmefanya mazoezi.

Sauti ndiyo itakayowaumbua kuliko picha. Mabati hulia yanapopata jua na tena yanapopoa, na mvua ikianza mazungumzo yamekwisha. Ghorofa ya slabu (dari ya zege) ni salama kuliko nyumba ya mabati, hata kama hadithi inataka mabati: pigeni picha ya nje kwenye mabati, mazungumzo ya ndani mahali pengine. Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kuna ndege ndogo kutwa nzima. Jumapili kila mtaa una vipaza sauti vya kanisa. Rekodini dakika moja ya ukimya wa kila chumba kabla watu hawajatawanyika, biti 24, kilohetzi 48, la sivyo kila pengo kwenye uhariri litasikika kama shimo.

Na kwa kuwa sehemu ni tatu, mwishowe watu husahau usawa wa sauti. Chanzo ni kwamba kila mwelekezi huidhinisha ya kwake akiwa peke yake. Mhariri azipange zote tatu kwenye mstari mmoja na achanganye mazungumzo kwa kiwango kimoja kabla ya muziki kuingia.

MtaaWaPili

Asanteni sana, hasa hilo la kamera kubaki na vito. La Femme de Paul tumeitoa. Swali la Clochette: msichana ana miaka 17, mpenzi wake ni mwalimu msaidizi, na anaruka dirishani ili mwalimu asifumaniwe. Umri unatutia wasiwasi na hatuna pesa za kuruka. Pia mwenzetu anataka wahusika wa hadithi tatu wakutane mwishoni kwenye matatu moja.

BiSkripti

Umri pandisheni bila kusita. Miaka 17 ni mtoto kisheria, na mwalimu na mtoto ni hadithi nyingine kabisa, itameza yote. Awe na miaka 20, anashona sare za shule hiyo, na mwalimu msaidizi ni mgeni ambaye bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Hofu ya mwalimu mkuu inabaki na uzito wake: kazi itapotea.

Kuruka msikuonyeshe. Katika hadithi mguu unavunjika mahali patatu, daktari anazusha kwamba amegongwa na gari la farasi, na yeye hamtaji mtu. Kinachouma ni kunyamaza kwake, wala si urefu wa dirisha. Tumieni chumba cha chini, dirisha la kimo cha kiuno, magodoro mawili nje, na kamera ndani imtazame mwalimu. Tunasikia kitasa upande mmoja, dirisha upande wa pili. Mwalimu hageuki. Kitasa kinafunguka, mwalimu mkuu anaingia, wanaongea habari za chaki. Shoti moja, dakika moja na nusu, bila kukata. Mwigizaji wa kike anatoka kwenye fremu kwa hatua mbili na hakuna anayeumia.

Jambo dogo lakini litaonekana: baada ya kuvunjika, asipewe cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mpeni ya mkono, ya kuzungusha gurudumu. Kabla ya ajali ana ile ya miguu. Mtazamaji atahesabu mwenyewe kilichopotea, na mmeokoa ukurasa mzima wa maelezo.

Matatu msahau. Wahusika wakikutana kwa bahati mwishoni, watu huanza kutafuta nani ni ndugu wa nani. Mtaa mmoja unatosha: mabango yaleyale, duka la dawa likionekana kwa mbali kwenye Les Bijoux kabla hatujalihitaji.

Mkasi_wa_Ngara

Hapo kwenye kuunganisha sikubaliani na BiSkripti kabisa kabisa. Mtaa mmoja bila kitu kingine chochote huonekana kama uhaba wa maeneo ya kupigia picha. Ningeweka kiti kimoja cha plastiki kilichoshonwa, kionekane kwenye sehemu zote tatu, na kionekane kimekaliwa, kisiwekwe katikati ya fremu.

Mfuatano: Les Bijoux kwanza (dakika 27), La Rempailleuse katikati (42), Clochette mwisho (17). Ophüls pia aliweka ndefu katikati. Ndefu ikija mwanzo, mbili zinazofuata huonekana kama mabaki. Ikija mwisho, watu wanakuwa wamechoka kabla ya mwanamke hajazeeka. Msianze na La Rempailleuse kwa sababu inameza miaka 55, na hadithi ya muda mfupi ikiifuata inaonekana nyepesi hata kama si nyepesi.

Kati ya sehemu na sehemu wekeni sekunde 4 za giza na sauti ya sehemu inayokuja, kisha jina la hadithi. Chini ya sekunde 3 mtazamaji anadhani ni onyesho jipya la hadithi ileile na anapoteza dakika mbili akitafuta mume wa Les Bijoux yuko wapi. Zaidi ya 6, ukumbini simu zinatoka mifukoni.

Waelekezi wote watatu wakabidhi kwa mhariri sehemu yenye urefu wa asilimia 15 zaidi ya iliyokubaliwa, si zaidi. Na kila mmoja aandike kwenye karatasi, kabla ya kuanza kuhariri, onyesho moja ambalo yuko tayari kulipoteza. Likishaandikwa, mtayarishaji ana la kushika dakika 90 zikizidi.

MtaaWaPili

Kiti kimekubaliwa. Tunakwenda kumtafuta fundi wa viti vya plastiki Gikomba amfunze mwigizaji. Kama kuna anayejua duka la sonara lenye slabu na linaloweza kufungwa Jumapili mchana, aandike hapa.

sauti_na_taa

Jumapili baada ya saa nane, makanisa yakishatoka. Na mwambieni sonara awaachie mizani yake mwenyewe: za kukodi hazina mlio ule wa kutua.